Yusuf Alikimbilia Wapi?

Naandika haya nikiwa Katwe, katika chumba kimoja ambacho wenyeji wa Kampala wanakiita muzigo. Siku ya kwanza kusikia neno hilo nilicheka, kwa sababu kwetu Uvira mzigo ni kitu cha kubeba kichwani. Sasa ni mwaka wa nane nalipia muzigo kila mwisho wa mwezi, na sicheki tena.

Chumba chetu kiko nyuma ya mafundi wa kuchomelea. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, anafanya kazi pale. Yeye anashikilia chuma, fundi anachoma, na jioni analipwa kidogo, siku nyingine halipwi. Ana miaka 17. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, sisi wote tulikuwa tunashinda kwenye simu tukitafuta habari za nyumbani. Jioni moja akaweka sahani chini, akasema:

“Mjomba, mi narudi. Kule banachukua vijana. Banakupa bunduki na chakula. Hapa mi ni nani?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia amalize kula. Usiku nikakaa macho nikisikiliza maji ya mvua yakipita kwenye mfereji, nikafikiria kijana mwingine wa miaka kama yake ambaye nilikuwa nimemsoma kwenye kitabu. Naye alijiuliza swali hilohilo wakati vita inapita mlangoni.

Kitabu hicho ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili, Dar es Salaam, kwa jina la Peponi, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Gurnah ni mtu wa Zanzibar. Aliondoka kwao akiwa na miaka 18, miaka michache tu baada ya mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na waliompa walitaja wazi kwamba ameandika juu ya mkimbizi. Basi si mgeni kwetu huyu. Ni mwenzetu aliyefika mbali.

Katika mduara wetu wa kusoma, ule wa Jumamosi nyuma ya kanisa, tulikuwa na nakala moja tu na wasikilizaji kumi na mmoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Kiswahili chake ni cha Unguja, na sisi wa Uvira na Fizi tulikuwa tunasimama kila mara kuulizana maneno. Lakini hadithi yenyewe haikuhitaji mkalimani.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyolipa, katika mji mdogo wa bara kwenye reli ya Wajerumani. Kuna tajiri anayekuja kuwatembelea, anaitwa Ami Aziz, na kila akiondoka anamwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake. Anapanda treni akidhani anaenda kutembea. Akifika pwani, kijana mwingine wa dukani, Khalil, ndiye anayemfungua macho: yule si ami yako. Baba yako ana deni lake, na wewe ni rehani.

Neno hilo, rehani, lilinyamazisha chumba chetu. Sisi tunalijua kwa vitu. Mtu anaweka simu rehani, anaweka redio. Lakini katika nchi hizi za Afrika Mashariki watu waliwekwa rehani kweli. Ilikuwa njia ya kawaida wakati wa njaa na wakati wa deni. Mtoto anapelekwa kwa mwenye mali, anafanya kazi mpaka deni lilipwe, na deni mara nyingi halilipwi. Kwa jina hakuwa mtumwa, kwa sababu alikuwa na baba anayejulikana. Lakini asubuhi aliamka na mtumwa, wakafagia uwanja mmoja.

Wale waliosoma Kurani au Biblia watamtambua Yusuf mara moja. Ni yule kijana mzuri aliyeuzwa, akaishi kwenye nyumba ya bwana mkubwa, mke wa bwana akamtamani. Yusufu wa vitabu vitakatifu mwisho wake ni mkubwa wa Misri, ndugu zake wanakuja kumwomba nafaka. Mama mmoja wa mduara wetu, anayetembeza bitenge mitaani, alikuwa anasubiri ikulu hiyo. Kila Jumamosi alikuwa anauliza, “Bado hajainuliwa?” Gurnah hakumpa ikulu. Alimpa vita.

Kabla ya vita kuna safari. Aziz anaondoka na msafara mrefu wa wapagazi, kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa, na anamchukua Yusuf. Watu wa pwani katika msafara ule wanaogopa bara. Wanawaita watu wa huko washenzi, wanasimuliana habari za kutisha juu yao. Wanavuka ziwa, wanafika mji wa mtawala anayeitwa Chatu, naye anawanyang'anya mali na kuwaweka chini ya ulinzi, akisema mfanyabiashara mwingine alikwisha kumdhulumu kabla yao.

Hapo niliomba tusimame. Nikawauliza wenzangu: ng'ambo ya ziwa ni wapi?

Kimya. Kisha mzee mmoja wa Fizi akacheka. “Ni kwetu,” alisema. “Washenzi ni sisi.”

Ndiyo. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Tanganyika na kuingia Manyema. Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar, alitawala sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili tunachoongea Kongo ya mashariki kiliingia kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo lugha ninayoandikia leo ililetwa kwa mababu zetu na watu waliowaita washenzi, na wengi wa mababu hao walirudi nayo pwani wakiwa wamefungwa. Nasema hivi bila chuki. Mtu anapaswa tu kujua alivyoipata kauli yake.

Sasa nije kwenye uhuru, maana ndilo jambo mpwa wangu aliuliza, ingawa hakulitaja kwa jina.

Katika nyumba ya Aziz kuna bustani nzuri yenye ukuta, na mtunza bustani mzee, Mzee Hamdani, ambaye ni mtumwa. Bibi yake alitaka kumpa uhuru. Mzee alikataa. Sababu yake anamweleza Yusuf, na mimi nitaisema kwa maneno yangu: uhuru ule haukuwa mali ya bibi, hata aweze kuutoa zawadi. Mtu anaweza kukufungia, kukupiga, kukuuza, lakini kile alichozaliwa nacho mwenzake hawezi kukishika mkononi na kumgawia.

Mambo haya yalikuwa na karatasi zake. Katika koloni la Wajerumani utumwa haukufutwa kwa siku moja. Serikali ilitoa barua za uhuru, na maelfu ya watu walizipata, wengine kwa kujinunua, wengine kwa kukombolewa, wengine kwa amri ya ofisi. Watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 1906 walihesabiwa huru. Wazazi wao waliendelea kuwa watumwa. Zanzibar hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, lakini Tanganyika ilisubiri mpaka Waingereza walipotunga sheria mwaka 1922. Kwa hiyo vita inaanza, Agosti 1914, kuna watu pale wanaomilikiwa kisheria na watu wengine.

Ndugu msomaji, wewe na mimi tunajua kuishi kwa karatasi. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Nashukuru, nimeona nchi ambazo haziruhusu hata hayo. Lakini kila nikikunja ile karatasi na kuirudisha mfukoni namkumbuka Mzee Hamdani. Karatasi inasema kwamba sitafukuzwa. Haisemi mimi ni nani. Mpwa wangu anayo pia, na bado aliniuliza lile swali.

Mwisho wa riwaya, jeshi la Wajerumani linapita mjini. Ni askari weusi, mbele yao afisa mzungu, na wanakamata wanaume wa kubeba mizigo. Yusuf na Khalil wanajificha ndani na kuchungulia. Jeshi linaondoka. Yusuf anatoka, anaona mahali walipolala, anaona mbwa wanakula mavi yaliyoachwa, na katika mbwa wale anajiona yeye mwenyewe. Kisha anasikia kama mlango wa bustani unafungwa kwa komeo nyuma yake. Anatazama huku na huku, halafu anakimbia kulifuata jeshi, macho yakimwasha. Hapo kitabu kinaisha.

Chumba chetu kililipuka. “Mjinga!” “Hapana, angefanya nini?” “Amekimbia kamba, amejitia mnyororo.” Yule mama wa bitenge alisubiri watulie, akasema, “Mtoto huyu hakimbilii mahali. Anakimbia mahali.” Mpaka leo sijasikia mtu aliyeeleza vizuri kuliko hapo.

Mpwa wangu alikuwa amekaa mlangoni. Jumamosi hiyo nilikuwa nimemvuta kwa nguvu. Akauliza jambo moja tu: “Sasa alikuwa askari, ama alibebeshwa mizigo?”

Kitabu hakijibu. Historia inajibu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Vita ile ya 1914 mpaka 1918 katika nchi zetu ilikuwa vita ya miguu. Reli zilikuwa chache, na mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilisafiri kwenye kichwa cha mtu. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alizunguka na jeshi lake kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji, akasalimu amri mwishoni Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wazungu walimsifu sana kwa ujanja wake. Waliobeba ujanja huo hawana majina.

Upande wa Waingereza watu wanaokaribia milioni moja waliingizwa katika upagazi, na waliokufa wanakadiriwa karibu 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi, njaa, na unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao hawakupata muda wa kuuivisha. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wenyewe walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, na ndilo tunalolisikia leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Watu wananunua viatu na nyanya ndani ya jina la wafu.

Na sisi? Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Aprili 1916 jeshi lao la koloni, Force Publique, lilivuka mpaka. Mwezi wa Mei lilichukua Kigali, Juni likaingia Usumbura, ambayo ni Bujumbura ya leo, mwisho wa Julai Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia Tabora. Shuleni tuliambiwa ni ushindi wa Kongo. Hatukuambiwa kwamba wapagazi wa Kongo katika vita ile walikuwa zaidi ya 200,000. Babu yangu alikuwa anasema baba yake alichukuliwa bonde la Ruzizi akiwa kijana, akabeba sanduku mpaka Tabora, akarudi na shingo isiyogeuka upande mmoja. Nyumbani waliiita vita ya Tabora. Hakuna medali. Ilibaki shingo tu, na baadaye ikabaki hadithi ya shingo.

Kuna jambo moja ambalo majirani zangu wa Katwe nao hawalijui. Wabelgiji walipokosa wabebaji wa kutosha, Waingereza waliwatolea wapagazi kutoka Uganda. Watu wa nchi hii walibeba mizigo ya jeshi la Kongo, njia moja, mvua moja. Siku mwenye duka akiniuliza Wakongomani mmefuata nini hapa, huwa natamani kumwambia habari hiyo. Lakini foleni huwa ndefu.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu hivi. Kwa kila askari mmoja aliyebeba bunduki walikuwepo watu kadhaa waliobeba mizigo. Kijana asiye na baba wa kumtetea, asiye na ukoo mahali pale, akikimbilia jeshi, yeye hachagui atapewa nini. Jeshi ndilo linalochagua.

“Na aliyepewa bunduki?” akauliza. “Yeye alikuwa huru?”

Nikamsimulia habari za Bayume Mohamed Husen. Huyu si mtu wa riwaya. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa Wajerumani mwenye asili ya Sudan. Vita ilipoanza alikuwa mtoto wa miaka kumi, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake. Wajerumani walishindwa. Mwaka 1929 akiwa kijana mzima alifika Berlin na kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilikataa dai lake. Akabaki hukohuko. Alikuwa mhudumu wa mezani, alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, alicheza katika filamu za kusifu ukoloni. Aliomba pia nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1941 wanazi walimkamata kwa uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alikufa Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la shaba mbele ya nyumba aliyoishi Berlin, chini, mahali watu wanapokanyaga.

Gurnah alirudi kwenye njia hiyo katika riwaya yake ya 2020, Afterlives. Humo yumo Hamza, kijana aliyetoroka kwa mfanyabiashara na kujiunga na askari, kama vile Yusuf amebadilishwa jina na kuendelea na safari. Yumo pia Ilyas, ambaye aliwapenda Wajerumani mpaka mwisho, na mwisho wake ni kambi ileile.

Simlaumu Yusuf. Sitaki mtu asome haya akadhani namhukumu. Sisi wa Katwe tunajua usiku ambao mlango wowote unaofunguka ni bora kuliko ukuta. Lakini naona jambo hili: jeshi linapopita karibu na mtu asiye na mahali, linamuuzia kitu kilekile ambacho bibi alimpa Mzee Hamdani. Linasema, njoo, nitakupa kuwa mtu. Na deni hilo halijawahi kulipwa. Tangu Tabora mpaka Berlin, halijalipwa.

Wajerumani walipokimbia Kigoma Julai 1916, waliizamisha wenyewe meli yao kubwa ya ziwani. Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Mwaka 1997, baada ya vita ya kumwondoa Mobutu, meli hiyo iliwarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka tisa, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa dada yangu, mama ya huyu kijana. Mwaka 2015 meli ileile ilibeba Warundi kutoka Kagunga. Chuma cha vita kikabeba watu wanaokimbia vita. Nilimweleza hilo kwa sababu yeye ni mtu wa vyuma, na nikamwambia mama yake alikuwa anaimba njia nzima ili nisiogope maji. Hakuwahi kusikia.

Zamani, miaka ya 1940 na 1950, Katwe hii ya vyuma na mafuriko ilijulikana kwa magazeti ya Luganda na kwa siasa za kupinga mkoloni. Watu waliojazana kwenye vyumba vidogo waliandika, wakachapa, wakabishana. Hawakusubiri mtu awapatie uhuru kwenye barua. Nasi tunajaribu hapa, kwa nakala chache na wino wa kukopa.

Mpwa wangu hajaniahidi kitu. Bado anashikilia chuma, bado anatazama simu usiku. Jumamosi iliyopita aliomba kitabu, akasema anataka kukisoma tena tangu mwanzo, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Nimempa. Kina alama za masizi kwenye kurasa za kwanza, na jana alikuwa amefika kwenye treni.